Kufunga Maji Kabla ya Kutengeneza Choo Kinachovuja: Mwongozo Kamili kwa Nyumba Yenye Bomba na Simtanki

Wengi mliofuata maelezo yangu ya kubadilisha mpira wa kuflashi wa choo mmerudi na kilio kilekile: "Fundi, nimefunga maji vizuri kabisa, nikafungua nati, bafu likajaa." Mpira mlinunua sawa, spana mlikuwa nayo. Mlikwama pale nilipoandika maneno mawili tu, "funga maji", nikapita. Kwa nyumba zetu za Tabora maneno hayo mawili hayatoshi, na leo nalipa deni hilo.

Nyumba nyingi za hapa mjini, iwe Cheyo, Isevya, Kiloleni au Ipuli, zina njia mbili za kufikisha maji chooni: bomba la mtaani linalopita kwenye mita, na simtanki lililo juu ya mnara. Ukifunga moja, nyingine inaendelea kuleta. Hapa utajifunza kuzijua njia hizo, kuzifunga, na kuhakikisha zimefungika kweli kabla hujagusa nati hata moja. Kutengeneza choo chenyewe nimekuweka mwishoni na kwa ufupi, maana ndiyo sehemu nyepesi.

Usidharau choo kinachochuruza. Kikipitisha glasi moja ya robo lita kila dakika, kwa siku zimepotea lita 360, yaani ndoo 18 za lita 20. Kwa siku 30 ni lita 10,800, karibu yuniti 11 kwenye bili (yuniti moja ni lita 1,000), na hakuna aliyeoga wala kufua kwa maji hayo.

## Kwanza: maji kukatika si maji kufungwa

Hili nalitanguliza kwa sababu ndilo lililoharibu vitu vingi kuliko yote.

Kuna nyumba niliitwa Kiloleni asubuhi na mapema. Siku moja kabla, mama mwenye nyumba alifungua bomba saa nane mchana, halikutoa tone. Akasema maji yamekata, basi hakuna haja ya kufunga chochote. Kijana wake akafungua fleksibo ya choo, lile bomba laini linaloleta maji chooni, akaenda dukani kutafuta nyingine, akakuta pamefungwa. Wakalala. Saa tisa usiku maji ya mtaani yakarudi. Nilipofika, kandambili za watoto zilikuwa zinaelea kwenye korido, na gunia la mpunga lililoegemezwa ukutani lilikuwa limenyonya maji hadi katikati.

Bomba likiwa kavu, ujue tu kwamba maji hayapo kwa sasa. Hujui yatarudi saa ngapi, na hujui kama koki iko wazi au imefungwa. Tena siku bomba likiwa kavu ndiyo siku mbaya ya kazi hii, kwa sababu huwezi kuhakikisha kama koki uliyoifunga inashika. Subiri maji yawepo.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Ukishafunga maji ya nyumba nzima ndipo ukakumbuka huna washa, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, familia inakaa bila maji mpaka duka lifunguliwe.

- Spana malaya, ile inayopanuliwa na kubanwa, ya ukubwa wa kati. Usitumie spana ya mabomba yenye meno. Inatafuna nati za plastiki.
- Bisibisi mbili, bapa na ya nyota.
- Tepu nyeupe ya mabomba.
- Fleksibo mpya, washa za mpira za nusu inchi, na mpira wa kuflashi.
- Kepu ya nusu inchi yenye tredi kwa ndani. Kitu kidogo mno, lakini ndicho kitakachokuokoa koki ikikataa kushika.
- Beseni bapa linaloingia chini ya kitangi (kile cha maji ya kuflashi), ndoo mbili, matambara.
- Karatasi ya chooni iliyo kavu kabisa. Hii ni kifaa cha kupimia, utaona mbele.
- Tochi, penseli, mafuta ya cherehani.
- Ngazi imara, pamoja na mtu mzima wa kuishika.
- Pakiti ya bluu ya kufulia nguo.

Kuhusu mpira wa kuflashi: usinunue kwa kukadiria. Vitangi vya vitufe viwili vina mpira wa duara uliokaa chini ya mnara wa plastiki; vile vya mkono wa pembeni vina kifuniko cha mpira chenye mnyororo. Havibadilishani. Kama hukijui chako, piga picha ya ndani ya kitangi kwa simu, uende nayo dukani.

## Hatua ya 1: Jua kinachovuja

Si kila uvujaji unahitaji kufunga maji ya nyumba nzima, na mmoja hauhusiani kabisa na bomba la maji safi.

Maji yanachuruza ndani ya bakuli la choo. Fungua mfuniko wa kitangi, uuweke sakafuni mahali salama, si juu ya sinki. Ni kauri, ukianguka umekwisha. Tazama lile bomba jembamba lililosimama katikati, la kufurikia. Maji yakiwa yanamwagikia humo, ugonjwa uko kwenye koki ya boya, ile inayokata maji kitangi kikijaa: haifungi. Yakiwa chini ya mdomo wa bomba hilo, koroga bluu kidogo kwenye kitangi, usiflashi kwa nusu saa, kisha chungulia bakuli. Ukiona rangi, mpira wa kuflashi umechoka. Ukikosa bluu, chai ya rangi iliyokolea inafanya kazi ileile.

Maji yanatoka kwenye fleksibo au nati zake. Kausha kila kiungo kwa tambara, halafu gusa kimoja kimoja kwa karatasi kavu, ukianzia juu kushuka chini. Karatasi hulowa pale pale penye tundu. Jicho hudanganya, kwa sababu tone hutoka juu likateremka na kudondokea chini.

Maji yanatoka kati ya kitangi na bakuli, tena unapoflashi tu. Ni mpira mkubwa wa katikati, au washa za boliti mbili zinazoshika kitangi.

Maji yanatoka chini ya bakuli, sakafuni. Hayo ni maji machafu yanayoelekea kwenye chemba. Kufunga koki hakutayazuia. Acha kukitumia choo hicho, vaa glovu, osha sakafu kwa dawa, uite fundi aking'oe na kukikalisha upya. Mwongozo huu hautakusaidia kwa tatizo hilo.

## Hatua ya 2: Fuata maji yanakotoka

Simama chooni, tazama bomba linaloingia kwenye kitangi, kisha lifuate kinyumenyume hadi nje. Chukua karatasi na uchore. Mchoro mbaya ni bora kuliko kumbukumbu nzuri, hasa kama nyumba si wewe uliyeijenga.

Koki utakazokutana nazo kwa kawaida ni hizi:

1. Koki ndogo ya ukutani, chini ya kitangi. Siku hizi nyingi zina midomo miwili: mmoja wa kitangi, mwingine wa kishawa cha kutawadhia.
2. Koki ya bafu zima, mara nyingi imezama ukutani, kichwa chake tu kikionekana. Nyumba nyingi hazina.
3. Koki ya simtanki, kwenye bomba la kutokea chini ya tanki.
4. Koki ya baada ya mita, nje, karibu na uzio.

Ipo pia koki iliyo kabla ya mita, upande wa mtaani. Hiyo ni ya mamlaka ya maji, ambayo kwetu ni TUWASA. Usiiguse, na usikate lakiri ya mita. Ikibidi ifungwe, piga simu waje wenyewe.

Tahadhari ya kishimo cha mita: huku kwetu vishimo hivi hujaa majani ya miembe na unyevunyevu, na nge hupapenda. Mulika kwanza kwa tochi, ondoa majani kwa kijiti, ndipo uingize mkono.

Sasa njoo kwenye jambo linalowachanganya wengi. Tazama pale bomba la mtaani linapokutana na bomba linaloshuka kutoka kwenye simtanki. Kuna mifumo miwili. Wa kwanza, maji ya mtaani yanapanda tu kujaza tanki, na nyumba nzima inahudumiwa na tanki. Hapo ukifunga koki ya tanki umemaliza. Wa pili, bomba la mtaani limeungwa pia moja kwa moja na nyumba, ili maji yakiwepo yatumike bila kusubiri tanki. Hapo ukifunga ya mtaani, tanki linaleta. Ukifunga ya tanki, mtaa unaleta.

Utajuaje uko kwenye upi? Funga koki ya tanki peke yake wakati maji ya mtaani yapo, fungua bomba la jikoni, usubiri dakika tano. Likiendelea kutoa kwa nguvu, una mfumo wa pili. Likiishiwa na kukauka, una wa kwanza.

Na usiiamini mita peke yake. Kigurudumu kidogo cha mita kikisimama, maana yake ni kwamba hakuna maji yanayopita kwenye mita kwa wakati huo. Tanki likiwa limejaa, mita inaweza kutulia kimya huku choo kinachuruza usiku kucha kwa maji ya tanki kule juu. Nimewakuta watu wamekaa mbele ya mita iliyosimama wakiapa kwamba maji yamefungwa.

## Hatua ya 3: Waambie watu, teka maji, zima umeme

Kama ni nyumba ya kupanga, pita kila mlango. Mwambie mama mwenye nyumba kwanza, kisha wapangaji wenzako, na uwape muda wa kujaza ndoo. Kuna mwenye mtoto mchanga, kuna aliyeloweka nguo. Tena mpangaji asiye na habari ndiye anayekuja kuifungua koki akidhani imefungwa kwa bahati mbaya, wakati wewe umeshika nati mkononi. Funga kitambaa chekundu kwenye kila koki uliyoifunga, watu waelewe.

Teka maji ya kutosha: ya kupikia, ya kunywa, na ndoo moja ya kuflashia kwa mkono.

Zima hita ya kuogea kwenye swichi yake kuu. Hita ikiwaka bila maji ndani, koili inaungua. Kama simtanki linajazwa kwa pampu, chomoa pampu kabisa. Pampu inayojiwasha yenyewe itasukuma maji kwenye bomba ulilolifungua.

## Hatua ya 4: Funga, ukianzia karibu na choo

Sababu ya kuanzia karibu ni kwamba koki ndogo ikishika, nyumba iliyobaki inaendelea na maji yake na huna haja ya kwenda mbali.

Koki ndogo ya ukutani. Izungushe kuelekea kulia, kama mshale wa saa, kwa vidole tu. Ikigota, ongeza kidogo. Usitumie spana kwenye kichwa cha plastiki. Kama ina midomo miwili na vichwa viwili, hakikisha unafunga cha upande wa kitangi. Vingine vimewekwa kinyume na unavyodhani.

Koki ya mpini. Mpini ukilala sambamba na bomba, iko wazi. Ukikata bomba msalaba, imefungwa. Mpini ulioishia katikati haujafunga.

Geti valvu, ile yenye usukani wa duara. Inazunguka mara nyingi kabla ya kufika mwisho. Hesabu mizunguko, wakati wa kurudisha utajua umefika wapi. Hii ndiyo koki inayodanganya kuliko zote: mchanga ukikaa chini ya ulimi wake, usukani unagota lakini maji yanapenya. Ikitokea hivyo, ifungue nusu mzunguko, yaache maji yapite kwa nguvu yasafishe pale, kisha funga tena. Rudia mara mbili tatu. Mara nyingi inashika.

Koki iliyoganda kwa kutu. Hapa tafadhali usiwe na haraka. Koki ya miaka mingi isiyoguswa ikilazimishwa hukatika shingo, na shingo ikikatika upande wenye maji, tatizo dogo la choo limekuwa mafuriko. Dondoshea mafuta ya cherehani kwenye shina, subiri robo saa. Kisha izungushe kidogo sana kulia, kidogo kushoto, mbele na nyuma. Ikianza kulegea, endelea hivyo hivyo. Ikikataa kabisa, iache, uende kwenye koki inayofuata kuelekea kwenye chanzo.

Baadhi ya geti valvu zikifungwa baada ya muda mrefu huanza kutoa matone shingoni. Kaza nati ndogo ya shingo kwa robo mzunguko, itatulia.

Kupanda mnarani. Panda mchana, mnara ukiwa mkavu, mtu akishika ngazi. Usishike bomba kama kishikio. Bomba la plastiki lililopigwa jua miaka kadhaa hukatika kama mhogo mkavu. Tazama vizuri ni bomba lipi: linaloingia juu ya tanki ndilo la kujazia, linalotoka chini ndilo la kuteremsha maji nyumbani. Unafunga la chini.

## Hatua ya 5: Hakikisha maji yamefungika

Ukiruka hatua nyingine unaweza kuponea. Hii usiiruke.

Flashi choo mara moja. Kitangi kikianza kujaa tena kama kawaida, koki bado iko wazi au umefunga isiyo yake. Rudi kwenye mchoro.

Kikikaa kimya, usishangilie. Wengi huishia hapa, na hapa ndipo wanapopotea, kwa sababu maji yanayopenya kidogo kidogo yanaweza kuingia kwenye kitangi na kutokea kwenye mpira mbovu bila kina kubadilika. Kitangi kinaonekana kimetulia, kumbe maji yanapita.

Kwa hiyo fanya hivi. Sukuma boya chini kwa mkono na ulishike hapo, ili koki ya boya ibaki wazi kabisa. Mulika mdomo wa maji ndani ya kitangi. Yatatoka kidogo yaliyokuwa yamebaki kwenye bomba, yatapungua, yatakuwa matone, kisha yatakoma. Subiri dakika kumi ukiwa na tochi yako. Ukiona mdomo umekauka, vizuri.

Kama ulifunga koki za mbali, fungua pia bomba lililo chini kuliko yote, mara nyingi la uani. Maji yote yaliyobaki kwenye mabomba yatashukia huko. Liache wazi muda wote wa kazi. Litakuwa mlinzi wako: likianza kutoa maji, ujue kuna aliyefungua koki au njia umeisahau.

Kipimo cha mwisho. Weka beseni chini, legeza nati ya fleksibo upande wa kitangi kwa robo mzunguko tu, usiitoe. Yatamwagika maji ya ndani ya fleksibo, pengine nusu glasi, kisha yatakata. Yakikata, endelea. Yakizidi kutiririka, kaza nati palepale na urudi Hatua ya 4. Kwa sababu hukuitoa, unakaza kwa sekunde moja na hakuna kilicholowa.

Koki ndogo ikiwa inapitisha tone moja moja tu, hapo ndipo kepu inapoingia. Toa fleksibo, funga kepu mahali pake kwenye mdomo wa koki, kaza kwa mkono na robo mzunguko wa spana. Sasa una muda wa kutosha kufanya kazi ndani ya kitangi, hata kwenda dukani na kurudi, bila wasiwasi wa usiku.

## Kama nyumba haina koki yoyote inayoshika

Hali hii ni ya kawaida kuliko inavyopaswa kuwa. Kuna njia mbili za kupita.

Kama unabadilisha mpira wa kuflashi peke yake, huhitaji kufunga bomba. Laza kijiti imara juu ya kitangi, funga mkono wa boya kwa kamba ukiwa umeinuliwa hadi juu, uuning'inize kwenye kijiti. Boya likiwa juu, koki yake inajifunga. Flashi, kausha ndani kwa tambara, badilisha mpira, fungua kamba. Njia hii haifai kama koki ya boya yenyewe ndiyo mbovu.

Kama ni fleksibo au koki ya boya, inabidi tanki liishe. Funga au fungia juu boya la simtanki lisijazwe, kisha teremsha maji kupitia bomba la uani kwenye madumu, madiaba na ndoo za majirani. Fanya tanki likiwa limebaki na maji machache, usilimwage likiwa limejaa. Mtaa nao ukiwa hauna koki inayofunga baada ya mita, kazi hii ni ya fundi pamoja na mamlaka.

Kuna wanaopanda na kuziba tundu la tanki kwa tambara kutokea ndani. Nawasihi msifanye. Tambara huvutwa na maji, huingia kwenye bomba, na kulitoa ni lazima bomba likatwe.

Na ukishafika mahali hapo pa kulimaliza tanki, weka koki mpya siku hiyohiyo, chini ya tanki na chooni. Tanki kavu ni nafasi ambayo hutaipata tena kwa urahisi.

## Hatua ya 6: Tengeneza

Toa maji yaliyobaki ndani ya kitangi kwa kikombe na tambara.

*Fleksibo:* fungua nati zote mbili, weka mpya. Ndani ya kila nati kuna washa ya mpira. Hiyo ndiyo inayozuia maji, kwa hiyo hapo huhitaji tepu. Kaza kwa mkono hadi igote, ongeza robo mzunguko kwa spana. Shika mguu wa koki ya boya kwa mkono wa pili ndani ya kitangi usizunguke.

*Mpira wa kuflashi:* mnara wa vitufe viwili huzungushwa kushoto ukatoka mzima. Toa mpira wa duara chini yake, futa pale unapokalia mpaka pawe laini kwa kidole, vika mpya, rudisha. Mpira wa mnyororo hutolewa kwenye masikio mawili ya pembeni. Mnyororo uachwe na ulegevu kidogo, ukikaza sana mpira haukai.

*Koki ya boya:* kabla ya kununua mpya, fungua kichwa chake usafishe. Iwe maji yako yanatoka Bwawa la Igombe au Ziwa Victoria, bomba linalokauka na kujaa tena hubeba mchanga na kutu, na punje moja inatosha kuizuia isifunge. Nimeokoa nyingi kwa mswaki wa zamani tu.

*Boliti za kitangi:* kaza ya upande wa kulia kidogo, ya upande wa kushoto kidogo, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, kauri inapasuka.

Tepu inatumika pale tu koki inapoingia ukutani. Izungushe kulia, mizunguko kama kumi, ukiivuta ikae vizuri kwenye tredi.

## Hatua ya 7: Rudisha maji polepole

Usianze na choo. Maji ya kwanza baada ya kufunga huja na tope la kahawia na hewa, na ukiyaruhusu yaende chooni, yanapeleka uchafu moja kwa moja kwenye koki ya boya uliyoisafisha sasa hivi.

Choo kikiwa bado kimefungwa, na bomba la uani likiwa bado wazi, fungua koki ya mbali kwa robo. Litakohoa, litatema hewa, litatoa maji machafu. Yakingishe kwenye ndoo, umwagilie miti. Yakiwa safi na yanatoka bila kukatika, fungua koki hadi mwisho, kisha funga bomba la uani. Geti valvu ikishafika mwisho, irudishe robo mzunguko. Hiyo huisaidia isigande tena.

Ikiwa maji ya tanki hayashuki kabisa, ni hewa imeziba. Acha bomba la chini kuliko yote wazi kwa dakika kadhaa.

Sasa fungua koki ndogo ya choo. Kitangi kijae huku umeweka karatasi kavu chini ya kila nati. Maji yasimame vidole viwili hivi chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Rekebisha kwa skrubu ya boya. Piga mstari wa penseli pale yaliposimama. Flashi mara tano, uguse kila kiungo kwa karatasi.

Washa hita baada ya bomba la maji ya moto kutoa maji bila hewa. Rudisha pampu. Ondoa vitambaa vyekundu, uwaambie wapangaji.

## Asubuhi yake

Kabla ya kulala, weka karatasi mpya kavu sakafuni chini ya koki na chini ya kitangi, na usiflashi hadi asubuhi kama choo si cha watu wengi. Ukiamka, angalia vitu vitatu: karatasi ni kavu, maji kwenye kitangi yako kwenye mstari wa penseli, na bakuli halina mkondo unaoteremka nyuma. Maji yakiwa yameshuka chini ya mstari, au bakuli likiwa na mkondo, mpira haujakaa sawa. Mara nyingi ni uchafu chini yake.

Ukiwa bado na mchoro wako, chukua rangi uandike kwenye kila koki inafunga nini: CHOO, TANKI, MTAA. Mchoro wenyewe ubandike nyuma ya mlango wa stoo, urefu ambao hata binti wa darasa la tano akibaki nyumbani peke yake ataufikia na kuusoma. Na kila baada ya miezi mitatu zungusha kila koki mara moja, ifungwe na kufunguliwa, ukianza na ile ya simtanki.